Kutoka diploma hadi shahada ukiwa kazini: mwongozo kwa wauguzi wa Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Muuguzi mwenye diploma ya KRCHN, yaani ya muuguzi wa afya ya jamii aliyesajiliwa, anayetaka shahada huku akiendelea kushika zamu hupewa ushauri mwingi kuhusu chuo cha kuchagua, lakini huambiwa machache sana kuhusu jambo linaloamua kama atamaliza au hatamaliza, nalo ni mapatano kati yake na mwajiri wake. Nimefanya kazi wodini katika ukanda huu kwa miaka mingi, nilisoma shahada nikiwa kazini, na baadaye nimewasaidia wenzangu kadhaa kupanga safari yao. Wale niliowaona wakikwama hawakushindwa na mitihani. Walikwama kwa sababu ya rota, yaani ratiba ya zamu, kwa sababu ya barua ambayo haikuandikwa kwa wakati wake, au kwa sababu ya mkopo uliomeza mshahara. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia ofisini kwa mwajiri kabla ya kufika chuoni, na unamalizikia ofisini hapo hapo.

Kabla ya yote, jua unaanzia wapi

Katika mfumo wa taifa wa sifa za masomo, diploma iko ngazi ya 6 na shahada ya kwanza iko ngazi ya 7. Mwenye diploma na usajili wa Baraza la Wauguzi la Kenya anaweza kuingia moja kwa moja katika programu ya kujiendeleza, ambayo ni fupi kuliko miaka minne ya anayetoka sekondari, kwa kuwa sehemu ya aliyoyasoma na kuyafanya inatambuliwa. Aliye na cheti tu hupaswa kupitia diploma kwanza. Njia hiyo si ngeni kwetu: mwaka 2005 shirika la afya la Amref, likishirikiana na Baraza, lilianzisha mafunzo kwa njia ya kompyuta yaliyolenga kuwapandisha wauguzi wapatao 22,000 wa ngazi ya cheti hadi diploma bila kuwaondoa katika vituo vyao. Nalitaja hilo kwa sababu bado nasikia wakubwa fulani wakisema kwamba muuguzi hawezi kusoma huku anafanya kazi, ilhali nchi yetu imekwisha kuonyesha kwamba inawezekana kazi na masomo vikipangwa pamoja.

Usichanganye shahada na diploma ya juu. Diploma ya juu, kwa mfano ya uuguzi wa wagonjwa mahututi, wa figo au wa chumba cha upasuaji, humfanya muuguzi awe bingwa wa eneo moja na ni ya thamani kubwa, lakini haimfanyi kuwa na shahada. Kama unachopenda ni kubaki kando ya kitanda cha mgonjwa ukiwa na ujuzi wa kina zaidi, huenda diploma ya juu ndiyo inayokufaa. Kama unataka kufundisha, kusimamia au kuendelea hadi uzamili, utaihitaji shahada. Amua hili mapema, kwa sababu nimeona watu wakitumia muda na pesa kwa moja huku moyo wao uko kwa nyingine.

Barua kwanza, ada baadaye

Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya zimekuwa chini ya kaunti, na muuguzi wa kaunti anayetaka kusoma huandika barua inayopita kwa msimamizi wa wodi, kisha kwa mkuu wa wauguzi wa hospitali, hadi ofisi ya rasilimali watu na kamati inayoshughulikia mafunzo. Barua hiyo itaje jina la programu sawasawa na lilivyoandikwa kwenye barua ya chuo, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, namna masomo yanavyoendeshwa, na kile hasa unachokiomba. Hapa wengi huteleza, kwa kuwa huandika tu kwamba wanaomba ruhusa ya kusoma, na ruhusa ziko za aina mbili. Ya kwanza ni likizo ya masomo, ambapo unaondoka kazini kwa muda, na ikiwa ni ya mshahara, kwa kawaida unatia sahihi mkataba wa kumtumikia mwajiri kwa kipindi fulani ukishahitimu. Ya pili ni idhini ya kusoma ukiwa unaendelea na kazi, ambapo huondoki ila unapangiwa zamu kwa kuzingatia siku zako za darasa. Taja unayoitaka kwa maneno yasiyo na shaka.

Usome mkataba huo wa utumishi neno kwa neno kabla ya kutia sahihi. Uliza utafungwa kwa muda gani, utalipa nini ukihamia kaunti nyingine au ukipata kazi nje ya nchi, na hesabu hiyo inaanza siku gani. Muuguzi wa hospitali ya misheni au ya binafsi huenda asiwe na kamati ya mafunzo ya kupitia, na kwa sababu hiyo hiyo anahitaji maandishi zaidi ya mwenzake wa kaunti, kwa kuwa msimamizi mpya akiingia, makubaliano ya mdomo huondoka na yule wa zamani.

Mimi nililifanya kosa hili. Nilipopata nafasi chuoni nililipa ada ya muhula wa kwanza na kuanza masomo, nikitegemea kwamba msimamizi wangu, ambaye alikuwa mtu mwema kwelikweli, alikuwa amekubali kwa mdomo. Barua yangu ya maombi ilikaa kwenye faili bila kujibiwa, nami sikuifuatilia. Miezi kadhaa baadaye msimamizi alihamishwa, na aliyekuja hakukuta karatasi yoyote inayosema mimi ni mwanafunzi. Kwa hiyo nilikosa mazoezi ya kliniki ya muhula huo na nikalazimika kuyarudia mwaka uliofuata na kundi jingine. Tena nilipomaliza shahada na kuomba kubadilishiwa cheo, jambo la kwanza nililoulizwa ni barua ya idhini ya mafunzo. Simlaumu aliyeniuliza, maana hiyo ndiyo kazi yake. Najuta tu kwamba karatasi ambayo ingenichukua wiki chache kuifuatilia mwanzoni ilinichukua miezi mingi mwishoni.

Kuchagua chuo

Vyuo vinavyofundisha shahada ya uuguzi katika ukanda wetu ni pamoja na Maseno, Masinde Muliro kilichoko Kakamega, Moi ambacho masomo yake ya afya yako Eldoret mjini kando ya hospitali ya rufaa, Baraton karibu na Kapsabet, Egerton na Kabarak. Hata hivyo, si kila chuo chenye shahada ya uuguzi hupokea wanafunzi wa kujiendeleza kila mwaka. Kwa hiyo usiulize tu kama wana uuguzi. Uliza kama kundi la wenye diploma linaanza mwaka huu, linaanza mwezi gani, na kundi lililotangulia limefikia wapi. Swali hili la mwisho hujibu mengi, kwa sababu chuo ambacho kundi lake la awali linasonga kwa ratiba hukuambia bila kusita, na chuo ambacho kundi lake limekwama huanza kuzungumzia mambo mengine.

Thibitisha idhini mbili, na moja isikutoshe. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo inayotambua chuo na programu zake kama elimu ya chuo kikuu, na Baraza la Wauguzi ndilo linaloidhinisha mafunzo ya uuguzi. Mwanafunzi hupaswa kuandikishwa na Baraza na kupewa namba ya indeksi mwanzoni mwa masomo. Ikiwa muhula wa kwanza unakwisha na chuo hakijaulizia nyaraka zako za indeksi, nenda ukaulize wewe mwenyewe.

Kuna wenzetu wanaovutwa na shahada za mtandaoni za vyuo vya Marekani na Uingereza. Sisemi hazifai. Nasema kwamba shahada ya nje huhitaji kutambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kabla haijakusaidia hapa nyumbani, na kwamba uuguzi haukamiliki bila mazoezi ya kliniki, kwa hiyo uliza mapema mazoezi hayo yatafanyika wapi na nani atayasimamia. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, ulifanyie kazi jibu hilo kama vile ungelifanyia kazi dalili mbaya ya mgonjwa.

Namna ya kusoma ina uzito kuliko jina la chuo. Baadhi ya programu huwaita wanafunzi kwa vipindi vya wiki kadhaa mfululizo, nyingine hufundisha wikendi, nyingine ni za kutwa kama za wanafunzi wengine wote. Chuo Kikuu cha Aga Khan kule Nairobi kimejulikana kwa muda mrefu kwa mpango wa wauguzi waliosajiliwa kusoma siku mbili kwa juma na kufanya kazi siku zilizobaki, mpango mzuri sana kwa anayeishi Nairobi na mgumu kwa anayeishi Ahero. Chukua kalenda na upige hesabu. Chuo kikikuita mara tatu kwa mwaka, kila mara wiki mbili, hizo ni siku 30 za kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za likizo kwa mwaka, na wauguzi wengi wa umma wana siku 30. Maana yake ni kwamba likizo yako yote itaishia darasani, hakuna siku iliyobaki ya msiba, ya mtoto mgonjwa wala ya kupumzika, na hali hiyo itaendelea miaka miwili au zaidi. Anayesoma wikendi naye ahesabu nauli na saa. Kutoka Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50, safari inayowezekana kabisa kwa matatu ya alfajiri, lakini kutoka Nakuru hadi Eldoret na kurudi kila Jumamosi ni jambo jingine.

Rota

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo shahada za watu wengi zinapopotelea.

Katika wodi niliyofanyia kazi, rota ilichorwa kwa rula kwenye karatasi kubwa na kubandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha wauguzi. Kila jina lilikuwa na mstari wake na kila siku ilikuwa na herufi yake. Msimamizi aliandika kwanza kwa penseli, akaiacha siku chache watu waitazame, kisha akaipitisha kalamu ya wino. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba muda wa kuomba ni ule ulio kati ya penseli na wino. Kabla ya hapo nilikuwa nikienda kwa msimamizi rota ikiwa imekwisha kutiwa wino, nikimwomba abadilishe, na kila herufi aliyonibadilishia ilikuwa inaharibu siku ya mtu mwingine. Hata kama wodi yenu hutumia kompyuta au simu siku hizi, muda huo upo, nawe unapaswa kuujua.

Chuo kikitoa ratiba ya muhula, ipeleke kwa msimamizi siku hiyo hiyo, ukiwa umepigia mstari tarehe zako zote za darasa, za mitihani na za mazoezi. Usimpelekee wiki kwa wiki. Msimamizi anayeziona tarehe zote kwa mara moja anaweza kukupangia zamu za usiku katika wiki zisizo na darasa na kukuachia Jumamosi unazozihitaji, lakini anayeshtukizwa kila Alhamisi atachoka nawe kabla muhula haujaisha, na hatakuwa na kosa. Mpe pia kitu cha kumfaa: jitolee kushika zamu za sikukuu ambazo wengine hawazitaki, na uzishike bila kunung'unika.

Mkibadilishana zamu na mwenzako, andikeni, na nyote wawili mtie sahihi. Mwenzako akisahau na wodi ikabaki na muuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi, anayeumia kwanza ni mgonjwa, na atakayetafutwa kwanza ni yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye rota.

Nina ombi moja ambalo nalisema kwa uzito wote nilio nao: usiingie darasani asubuhi ukitoka zamu ya usiku, kisha ukarudi zamu nyingine usiku huo huo. Niliwahi kufanya hivyo kwa juma zima la mitihani. Usiku wa nne nilikuwa nimesimama na bomba la sindano mkononi, nikisoma kipimo cha jentamaisini cha mtoto mchanga mara tatu mfululizo, na namba zilikuwa zinapita machoni bila kuingia akilini. Niliiweka sindano chini, nikamwita mwenzangu tukokotoe pamoja miligramu kulingana na uzito wake, na mtoto akapata dawa yake sawasawa. Kuanzia hapo nilikuwa naomba wiki ya mitihani iwe ya zamu za mchana au ya likizo, na iliposhindikana niliahirisha somo moja. Somo husubiri muhula ujao.

Pesa

Andika gharama yote hadi mwisho, usiandike ada tu: nauli, malazi ya vipindi vya chuo, uchapaji, indeksi, utafiti na mahafali. Wengi hukimbilia mkopo mkubwa wa mara moja kutoka chama cha akiba na mikopo. Ushauri wangu ni kukopa muhula kwa muhula kadiri inavyowezekana, kwa sababu masomo yakisimama kwa sababu yoyote, makato hayasimami. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ina mkopo wa Jielimishe kwa walioajiriwa wanaorudi masomoni, na ni vyema kulinganisha masharti yake na ya chama chako kabla hujaamua.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ajira hairuhusu makato yazidi theluthi mbili za mshahara. Kwa mshahara wa shilingi 60,000, makato yote kwa pamoja yasizidi 40,000. Aliyekwisha kukatwa mkopo wa ploti na wa gari hugundua kwamba nafasi ya mkopo wa masomo haipo, na afadhali alijue hilo kabla ya kupokea barua ya chuo kuliko baada yake.

Masomo yenyewe

Mwenye diploma na uzoefu wa wodi hatishwi na masomo ya kliniki. Yanayowapa wengi taabu ni takwimu, epidemiolojia, nadharia za uuguzi na uandishi wa utafiti. Anza takwimu mapema, hata kabla ya muhula wake, na usome pamoja na wenzako wawili au watatu walio karibu nawe kijiografia, kwa sababu kundi la simu peke yake halitoshi kwa somo hilo.

Kwa utafiti, chagua swali linalotoka katika kazi yako ya kila siku: jinsi chati za uchungu zinavyojazwa, kwa nini akina mama huchelewa kliniki ya kwanza ya ujauzito, jinsi mikono inavyooshwa katika wodi ya watoto. Swali la namna hiyo hukupunguzia safari na hubakisha kitu hospitalini. Lakini usidhani kwamba kwa kuwa wagonjwa ni wa wodi yako unaweza kufungua mafaili yao tu. Utahitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, ruhusa ya hospitali, na pale inapotakiwa, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Peleka maombi mapema katika mwaka wa mwisho, kwa kuwa kamati hukutana kwa ratiba yake, na pendekezo likirudishwa kwa marekebisho linasubiri kikao kijacho.

Daftari la mazoezi ya kliniki litiwe sahihi siku ile ile ya kazi. Anayesubiri hadi mwisho wa muhula hujikuta akimtafuta msimamizi aliyehamia Lodwar.

Ukishahitimu

Hifadhi barua ya kumaliza na orodha ya alama mara zinapotoka, bila kungoja mahafali. Wasilisha sifa yako mpya kwa Baraza la Wauguzi ili rekodi yako irekebishwe, na hakikisha leseni yako iko hai wakati wote huu, kwa maana masomo hayakuondolei wajibu wa kuihuisha.

Kisha andika barua ya kuomba kubadilishiwa cheo. Katika utumishi wa umma muuguzi wa diploma huingia kundi la kazi H na wa shahada huingia kundi K, na tofauti hiyo ndiyo inayowafanya wengi wasome. Ukweli mchungu ni kwamba kubadilishiwa cheo hakuji chenyewe. Kunategemea nafasi zilizopo na bajeti ya kaunti, na wako wauguzi wenye shahada waliosubiri muda mrefu wakiwa na mshahara wa diploma. Jambo hili linaniuma, kwa kuwa mgonjwa anafaidi ujuzi wa shahada tangu siku ya kwanza huku aliyeupata akiendelea kulipia mkopo wake kwa mshahara wa zamani. Lisemeni katika chama chenu cha wauguzi, mlifuatilie wakati bajeti ya kaunti inapojadiliwa kabla haijapitishwa, na msiingie masomoni mkidhani kwamba mshahara mpya utaanza mwezi utakaofuata mahafali.

Barua hiyo iambatishe nakala ya shahada, orodha ya alama, usajili, leseni, na ile barua ya idhini ya mafunzo uliyoipata kabla ya kulipa ada. Peleka nakala mbili zinazofanana, moja ibaki masijala, na ya pili uondoke nayo ikiwa imepigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Baada ya miezi mitatu rudi nayo hiyo hiyo mkononi ukaulize.